Malalamiko ya Mwenye Hisa Mia Sita na Arobaini Kuhusu Friji Inayoongea

Verlyn Aasgaard,
S.L.P. 88,
Sverdal, Minnesota.
9 Aprili

Kwa Bwana Gaylord Stensrud,
Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi,
Kampuni ya Vifuniko ya Nelsrud.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: UZEMBE WENU WA KUTONIZUIA NISIPATE HASARA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako, na kwamba theluji ya juzi haikuwazibia mlango. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Ni mwanahisa wako. Nina hisa mia sita na arobaini katika kampuni yenu, na kwa miaka kumi na nne sijawasumbua hata kwa kadi ya Krismasi. Leo nimeshindwa kunyamaza, na naomba unisome kwa utulivu, ikiwezekana ukiwa umekaa.

Ili unijue, mimi ni dereva mstaafu. Niliendesha greda la wilaya la kuondoa theluji barabarani kwa miaka thelathini na moja. Mke wangu ni Ardis. Baba yake, marehemu Selmer, alisimama kwenye mashine zenu miaka thelathini na minane akitengeneza vifuniko vya chupa za jamu na achari, na alipofariki alituachia hisa zake zote, nusu kwa jina la Ardis na nusu kwa jina langu. Aliniita kitandani kwake akasema, "Verlyn, ziangalie." Nimeziangalia. Kila Ijumaa nakwenda maktaba, nafungua gazeti, naziangalia. Zilianza kwa dola arobaini na moja kila moja. Ijumaa iliyopita zilikuwa dola tatu na senti kumi. Hakuna mtu katika jimbo hili aliyeziangalia kuliko mimi, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa langu.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Chakula. Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa ukifanyika chini ya kanisa letu la Kilutheri, na wanahisa tulikuwa tukila nyama ya kusaga iliyookwa chini ya vipande vya viazi, kisha pai ya tufaha, kisha kahawa. Siku hizi mnakutana nasi kwenye kompyuta. Mwaka jana nilikaa mbele ya kompyuta ya maktaba saa mbili nzima nikisubiri chakula, na nilicholetewa ni grafu. Mtu hawezi kufuatilia mambo ya kampuni tumbo likinguruma.

2. Pingamizi langu halali. Miaka mitatu iliyopita, kwenye mkutano wa mwisho pale kanisani, ulitangaza kwamba kampuni inaachana na vifuniko na itatengeneza friji inayoongea, ya kumwambia mwenye nyumba kwamba maziwa yamekwisha. Ukauliza kama kuna swali. Tukanyamaza, watu mia mbili na zaidi, nawe ukauchukua ukimya ule ukauita kukubali.

Bwana Stensrud, wewe ni mzaliwa wa hapa. Unajua kwamba kipande cha mwisho cha pai kwetu hakiliwi. Hukatwa nusu, ikakatwa nusu ya nusu, mpaka kinabaki kijipande cha kumtosha sisimizi, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana mroho. Watu wa namna hiyo ndio uliotaka wasimame mbele ya kadamnasi wakupinge? Sisi tunapinga mezani. Na mimi nilipinga. Nilikufuata penye pai, nikakutazama usoni, nikasema, "Friji inayoongea. Hilo ni jambo la tofauti kidogo, sivyo?" Ukacheka, ukanipiga bega, ukanijibu, "Tofauti ndiyo tunayoitaka, Verlyn." Hapa Sverdal hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mtu akisema jambo ni la tofauti kidogo, amelikataa kwa nguvu zake zote. Mchungaji wetu wa zamani aliambiwa hivyo kuhusu gitaa lake, na haikupita miezi miwili akawa amehamia Iowa. Mimi nilikutolea maneno makali kiasi kile, nawe ukaendelea kula.

3. Ripoti ya mwaka. Nasikia kwa watu kwamba hatari za biashara ya friji mlizieleza kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Nani anafika ukurasa wa arobaini na moja? Mngekuwa na nia njema mngeziweka kwenye jalada, kwa wino mwekundu, pamoja na picha ya mtu anayelia. Hata hivyo nisiwe mnyimi wa shukrani. Ripoti zenu nimezitumia zote. Nina kijumba cha kuvulia samaki ambacho kila Desemba nakikokota hadi juu ya barafu ya ziwa, na meza ya mle ndani ina mguu mmoja mfupi. Ripoti zenu za miaka kumi na nne, zikiwa bado ndani ya bahasha zake, zimeufikisha mguu ule mahali pake barabara. Ya mwaka wa friji ndiyo iliyokamilisha kazi.

4. Kura. Kila majira ya kuchipua mnatuletea karatasi ya kura. Kila swali lina visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na juu yake mmeandika kwamba Bodi inapendekeza Ndiyo. Mimi nimelelewa. Mtu akinikaribisha Ndiyo, siwezi kumtupia Hapana usoni. Nimetia Ndiyo kila mahali kwa miaka yote kumi na nne, pamoja na mwaka ule wa friji, maana nilikuwa nimekwisha kukupinga penye pai na sikuona sababu ya kurudia. Lakini alama zangu za mwaka ule zilikuwa hafifu sana. Mkurugenzi makini angeziona akajiuliza, huyu Aasgaard ana nini?

5. Kuniacha ninunue. Hisa ziliposhuka hadi dola ishirini, nilimpigia wakala wangu nikaongeza mia mbili. Niliona ni kama kununua paja la nguruwe baada ya Pasaka, kitu kilekile kwa nusu bei. Bodi yenu ina watu tisa. Hakuna hata mmoja aliyeshika simu akaniambia, "Verlyn, acha." Namba yangu imo kwenye kitabu cha simu. Jirani yangu Duane Pribyl, ambaye naye alikuwa mwanahisa, aliuza zake zote wiki hiyohiyo, akaja kuegemea gari langu na kuniuliza, "Bado umo?" Nikamwambia nimo. Akasema, "Haya bwana," akaenda zake. Sasa ana boti mpya. Naomba Bodi imtake airudishe, au angalau aihamishe, kwa kuwa naiona kutoka dirisha la jikoni kila ninapokoroga uji.

6. Jibu ambalo najua utanipa. Utaniambia kwamba mwekezaji ni mtu mzima, kwamba wakurugenzi wanaendesha kampuni lakini hawamshiki kila mtu mkono, na kwamba anayenunua anatakiwa ajue anachonunua. Mambo ya mtu kubeba mzigo wake usinifundishe mimi. Nimewavuta watu kutoka mitaroni miaka thelathini na moja, kwenye upepo unaokata masikio, na kila mmoja nilimwuliza swali moja kabla sijafunga mnyororo kwenye gari lake: "Kibao hukukiona?" Kibao kilikuwepo, cha njano, kirefu kuliko mtu, kinasema punguza mwendo. Walikuwa na majibu mengi. Mmoja alisema alidhani kibao kile kinawahusu wengine. Sikumwonea huruma hata kidogo. Langu ni tofauti kabisa, kwa sababu mimi sikuonyeshwa kibao, nilitumiwa kwa posta.

7. Ardis. Hapa naomba ufunge mlango wa ofisi.

Tuna nyumba ndogo ziwani, aliyoijenga Selmer kwa mikono yake. Wakati wa kiangazi mimi hukaa nje na ndoano, na Ardis hukaa ndani, kwa sababu mbu wa ziwa lile wanampenda yeye kuliko mtu yeyote duniani. Analitazama ziwa la baba yake kupitia kidirisha cha jikoni chenye ukubwa wa sinia. Mwezi wa saba tutatimiza miaka arobaini ya ndoa. Nilimwahidi kibaraza chenye wavu pande zote, aweke kiti chake, ashone huku anaona maji. Seremala anakuja tarehe kumi na tano Mei. Gharama yake ilitakiwa itoke kwenye hisa zangu, na hisa zangu kwa bei ya leo zitanunua ngazi ya kupandia kibaraza, bila kibaraza chenyewe.

Sijamwambia. Kila asubuhi nasema leo, na kila asubuhi ananiwekea kahawa na kuniuliza kama wavu uwe wa kijani au mweusi. Jana nilimjibu mweusi. Nimewahi kupeleka greda kwenye dhoruba ambayo ndani yake sikuuona mkono wangu mwenyewe, Bwana Stensrud, na sikuogopa kama ninavyoliogopa swali lake moja litakalofuata: "Ulisoma?"

Kwa sababu zote hizo naiomba Bodi yako mambo matatu tu.

Kwanza, mmwandikie Ardis barua kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, muhuri juu yake, mkieleza kwamba mume wake alisoma kila kitu, alipinga kwa ukali unaotisha, na alishindwa kwa hila za watu wenye suti.

Pili, tarehe kumi na tano Mei mkurugenzi mmoja, asiwe kijana sana, aje kukaa kwenye meza yetu ya jikoni wakati seremala anapofika, ili Ardis awe na mtu wa kumtazama. Atapewa chakula. Kikubwa ni kwamba akae kwenye kiti kilicho baina yetu.

Tatu, kuanzia sasa kila mkurugenzi agawiwe wanahisa wake wa kuwalea, na mimi nigawiwe wewe mwenyewe. Utanipigia kila Alhamisi kabla sijafanya jambo lolote. Nikitaka kununua utanizuia. Nikitaka kuuza pia utanizuia, kisha tutaona.

Sina kinyongo na yeyote. Nisalimie wakurugenzi wote tisa, karani anayepokea simu zenu kwa sauti nzuri, mzee anayepiga deki pale mlangoni, na dada yako Marlys, ambaye niliwahi kumvuta kutoka mtaroni. Hata hiyo friji nisalimie, kama imekwisha kuanza kujibu.

Wako ninayekutegemea kupita kiasi,

Verlyn Aasgaard
Mwanahisa

Nyongeza: Naomba uyapuuze yaliyotangulia, isipokuwa namba 1.

Stempu katika nyumba hii anazitunza Ardis. Niliiacha barua mezani nikaenda kuondoa theluji ngazini, na niliporudi alikuwa ameisoma yote, na kosa moja la tahajia ameshalisahihisha. Alimimina kahawa, akaenda kwenye droo ya cherehani, akarudi na rundo la bahasha zake za ripoti za miaka kumi na nne, zote zimefunguliwa kwa kisu, zimepigwa mistari kwa penseli. Mwaka wa friji alikuwa ametia Hapana kila mahali, isipokuwa kwenye kumchagua mkaguzi wa hesabu, ambaye anasema ni mtu mwangalifu. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja aliuza hisa zake zote, na seremala amekwisha kulipwa tangu Februari. Wavu utakuwa wa kijani.

Nilimwuliza, nikiwa nimekwisha kuanza kupandisha sauti, kwa nini mimi hakuniambia. Akasema, "Nilikuambia, mume wangu. Hapahapa, umeshika kijiko. Nilisema hiyo friji yao ni jambo la tofauti kidogo. Nikarudia na siku ya pili yake. Wewe ukaniitikia 'ehe,' ukaenda kumpigia wakala."

Ni kweli. Naikumbuka ile ehe.

Halafu akaniinamia, akanifunga kifungo cha shati nilichokiruka asubuhi, akasema taratibu, "Kibao hukukiona, Verlyn?" Aliniacha nikae pale mpaka kahawa ikapoa, kisha akanipa kipande cha mwisho cha pai, chote, bila kukikata nusu.

Pamoja na barua hii nakutumia karatasi yangu ya kura ya mwaka huu. Imenichukua siku nne kwa sababu nimezisoma ripoti zote kumi na nne tangu ya kwanza, na ukurasa wa arobaini na moja nimeusoma mara mbili. Umeandikwa vizuri, unaeleweka. Ilibidi nizitoe chini ya mguu wa meza kule kwenye kijumba changu cha kuvulia samaki, na sasa meza inayumba, kahawa inamwagika, lakini sitaki kumlaumu mtu.