Macho Mekundu ya Kekeo Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya mkuu wa chumba cha ndege hapa makumbusho iko wazi. Hatimaye! Tunaoitaka ni wawili: mimi, ninayejaza ndege waliokufa pamba tangu ujana, na Shemeji, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi meza ya jirani na kulala kwenye kochi langu. Akiipata yeye, mchana atanituma, jioni nitampisha kiti. Haiwezekani.

Mkurugenzi ametangaza mtihani. Ijumaa kila mmoja atasimama mbele ya wageni na kueleza tofauti ya kekeo wawili, ndege wa kijani waliomo kabatini. Rahisi kama kumsukuma mlevi. Mmoja ana jicho jekundu na madoa meupe mbawani. Mwingine jicho jeusi, mbawa hazina doa. Tabia ni moja: hutaga katika kiota cha ndege mwingine na kumwachia malezi. Niliyaeleza haya yote mezani. Mke wangu akaniomba nisilitazame kochi ninapoeleza.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua udhaifu wa Shemeji. Husoma kadi zilizofungwa miguuni mwa ndege, na huziamini. Leo alipokwenda kunywa chai nimebadilisha kadi za kekeo, ya huyu kwa yule. Sikuwasha taa, nisionekane. Nimepapasa tu, kama fundi.

Yeye atasoma kadi apotee. Mimi nitatazama jicho. Dhamiri? Imelala fofofo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeula wa chuya.

Niliomba nianze mimi. Nikawaambia wageni kadi ni za wavivu, mtaalamu hutazama jicho. Nikamulika tochi. Jekundu. Nikahamia kwa wa pili. Jekundu! Ndipo nikakumbuka: mwaka ule nilipowajaza, macho meusi ya kioo yalikwisha stoo, nami nikajiuliza nani atachungulia, yule wa jicho jeusi nikampachika mekundu. Kwa mikono yangu hii.

Nikababaika. Habari za mbawa zikanitoka kichwani. Kilichobaki ni kadi. Nikazisoma kwa sauti ya kujiamini, kadi zilezile nilizobadilisha.

Shemeji hakuzigusa. Alimshika kila ndege mbali na uso, akaonyesha madoa mbawani, kisha akasema kwa upole, "Nadhani kadi zimechanganyika, Shemeji. Na macho pia."

Baadaye nilimwuliza kwa nini hakusoma kadi. Akasema miwani aliisahau kwenye kochi. Na ya mbawa aliyajuaje? "Si ulitueleza mwenyewe mezani?"

Jumapili, 9 Machi

Cheo ni chake. Mimi nimepewa kazi ya kubandua macho mekundu. Mezani paja la kuku limekwenda kwake. Akasema amemwomba Mkurugenzi asinifukuze, nikamshukuru kwa meno tu. Inaniuma, sitaficha. Mke wangu akaanza, "Mchimba kisima..." Nikamkatiza, hapa hatuzungumzii maji.

Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Ni macho. Mkuu wa chumba cha vipepeo anastaafu mwezi ujao, na vipepeo hawapachikwi macho. Msaidizi wake anakinyemelea kiti, nasikia naye huziamini sana kadi. Zimechomekwa kwa pini tu. Kesho saa ya chai nitaanza na safu ya juu. Taa sitawasha.