Swichi Isiyo na Msimamizi

Napenda kuwatangazia wananchi wote wa kata yetu, kuanzia upande wa Nyarubungo hadi njia ya kwenda Runazi, kwamba tatizo la vifaa vinavyofanya kazi bila kusimamiwa limedhibitiwa kikamilifu. Mimi, Bernardo Shilinde, Katibu wa Kamati ya Usimamizi wa Visivyosimamiwa, nilishuhudia kila hatua, na muhtasari ninao.

Chanzo ni Mwalimu Deodata. Mama huyu amestaafu, lakini kutulia hajui. Mwaka jana binti yake Esperansia alikosa chuo cha uuguzi kwa sababu fomu ya maombi ilikatikia njiani, mawimbi ya simu huku kwetu yakiwa na tabia zao. Basi mama akavuta intaneti ya waya. Akataka aigawe mara tatu: chumba cha binti, sebuleni, na kibanda cha mbele anakoshonea nguo mdogo wake Felisita. Kugawa kunahitaji swichi, yaani kiboksi chenye matundu ya kuchomekea waya. Akamwita fundi Elick kutoka Biharamulo mjini.

"Shikamoo mwalimu. Swichi ziko za aina mbili," Elick alimweleza. "Kuna inayosimamiwa. Hiyo unaipangia: huyu apite, yule asipite, na ina nywila. Inafaa ofisi kubwa. Halafu kuna isiyosimamiwa. Hiyo unachomeka, taa inawaka, basi."

"Marahaba. Mimi nina waya tatu tu, baba. Nimsimamie nani?"

Akafungiwa isiyosimamiwa. Ikafanya kazi palepale, jambo lililotutia wasiwasi mkubwa.

Mwenyekiti wa Kamati na Mratibu wa Usimamizi wa kata, Mheshimiwa Paschal Rwekaza, alipopata habari aliweka chini kikombe cha chai.

"Bernardo, unasema inafanya kazi yenyewe?"

"Yenyewe, mheshimiwa."

"Bila kikao?"

"Bila hata ajenda."

"Wananchi wakizoea hivi, kesho watauliza sisi tupo hapa kwa ajili ya nini."

Tulikaa vikao vinne. Tukaazimia swichi ile ichukuliwe kwa uchunguzi, nayo ikabandikwa karatasi ya maandishi mekundu: KIELELEZO NA. 1, NI MARUFUKU KUTUMIKA. Mahali pake tukafunga inayosimamiwa, iliyokuwa imelala kabatini tangu mradi fulani ufe. Mheshimiwa akaipangia mwenyewe, mimi nikimsomea maelekezo. Matundu yote yafungwe. Kompyuta itakayotaka kufunguliwa ilete barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kama afanyavyo mwananchi yeyote anayekwenda ofisini. Mawimbi ya hewani mle ndani tukayazima, kwa kuwa kitu kisichoonekana hakisimamiki. Kugusa waya mkuu unaoleta intaneti likawa kosa. Elick alipotuonya kwamba nyuma kuna kitundu ambacho ukikibonyeza kwa sindano swichi inasahau yote iliyoambiwa, tukamshukuru na kukiziba kwa lakiri.

Wiki hiyohiyo Esperansia alikuwa anaomba chuo tena. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Akaenda kwa Mzee Ndikuriyo, mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo babu. Naomba barua ya kutambulisha kompyuta."

"Marahaba. Mimi natambulisha mtu ninayemfahamu. Huyu ni mtoto wa nani? Kahamia lini?"

"Ni kompyuta, babu."

"Basi nitakuandikia wewe. Yeye sijawahi kumwona hata msibani."

Barua ikaja ofisini ikimtaja binti badala ya kompyuta. Nilimwonea huruma, nikagonga mhuri wa IMEKATALIWA.

Ijumaa saa nane na nusu mchana, Mheshimiwa alifika kwa Mwalimu Deodata amevaa suti, kompyuta kwapani, mimi nyuma na faili. Saa tisa alikuwa na usaili wa video wa cheo cha Mkuu wa Usimamizi wilayani, na ofisini kwetu mtandao ulikuwa umekata tangu Jumanne, na nyumbani kwake, alisema, watoto wana kelele. Akachomeka. Kimya. Kompyuta yake haikuwa na barua.

Akaandika nywila ya swichi mara tatu, akikosea. Mara ya tatu swichi ikamfungia kabisa. Elick, ambaye mwalimu alikuwa amemwita tangu asubuhi, akajaribu kutoa lakiri. Ilikuwa imeingia ndani na kugandana na kibonyezo.

"Naweza kuchomeka waya mkuu moja kwa moja," Elick alisema, "lakini kwa kompyuta moja tu."

"Yangu," alisema Mheshimiwa.

"Waya ni wangu," alisema Mwalimu Deodata. "Na mtoto wangu hapotezi mwaka wa pili kwa ajili ya suti yako. Ile swichi yangu ndogo iko wapi?"

"Iko kwenye uchunguzi."

"Uchunguzi uko wapi?"

Mheshimiwa akapiga simu nyumbani kwake, na kwa haraka akabonyeza spika. Tukamsikia mkewe, Scola: "Hiki kiboksi cha uchunguzi nikichomoe? Watoto wanaangalia katuni! Na jioni je, si ulisema utaangalia mpira?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Elick akapanda bodaboda, akarudi nacho baada ya dakika kumi na tano. Akachomeka, taa zikawaka. Mwalimu akasimama mbele ya tundu la pili, mikono kiunoni, mpaka fomu ya Esperansia ilipotumwa na jibu la kupokelewa likarudi. Binti alilia. Mimi nilifurahi, jambo ambalo halimo kwenye muhtasari.

Mheshimiwa aliingia kwenye usaili akiwa amechelewa dakika kumi na mbili.

"Katika kata yangu," aliwaambia wasaili watatu, "hakuna kifaa hata kimoja kinachofanya kazi bila kusimamiwa."

"Hongera," alisema mama mmoja wa katikati. "Hapo nyuma yako kuna kitu kinawaka taa. Kina karatasi. Hebu tusomee."

Akawasomea, mpaka neno la mwisho.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Ilisema kwamba uratibu umeonekana hauna kazi katika kata yetu, ofisi ifungwe, na Ndugu Rwekaza aripoti Ngara kwa kupangiwa majukumu mengine, akiwa na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kitongoji anakoishi.

Nilimsindikiza kwa Mzee Ndikuriyo. Mzee akavaa miwani, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mimi natambulisha mtu ninayemfahamu," alisema. "Huyu ni mtoto wa nani? Miaka minne yuko hapa, sijawahi kumwona hata msibani."

"Mzee, ni Mheshimiwa," nikamnong'oneza.

"Basi niletee ile kompyuta ya Esperansia. Hiyo sasa nimeshaifahamu, nitaiandikia."