Moyo Umefura

Jumatatu, 3 Machi 1975

Leo nimeona kitu. Miaka sita naendesha mashine ya kupima moyo hapa hospitali. Nimepima wazee, wajawazito, hata mchungaji aliyezimia katikati ya mahubiri. Kitu kama hiki, sijawahi.

Walikuja wanariadha wa majeshi wanaokwenda kushindana Lagos. Wa mwisho alikuwa Odur, askari jela, mkimbiaji wa mita elfu kumi. Amekuja mbio kutoka gereza la Luzira, wala hahemi. Akaniita Musawo, yaani daktari. Sikumsahihisha. Mafuta ya kupaka kifuani yamekwisha tangu Krismasi, kwa hiyo nikambandika pamba iliyolowa maji ya chumvi. Chumvi yangu, nimeitoa nyumbani Nateete, na hakuna anayenishukuru. Alipojilaza tu, akasinzia.

Mapigo thelathini na nane kwa dakika! Mistari inapanda kama milima mpaka inagusa ukingo wa karatasi. Kisha ikaanza ajabu yenyewe. Pigo likachelewa kidogo. Lililofuata likachelewa zaidi. La tatu zaidi. La nne halikuja kabisa. Nilisimama nimeshika karatasi, nami nimesahau kupumua. Halafu moyo ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Sista Teresa, muuguzi wa hapa, ametoka Bungoma kama mimi, lakini anajiona ametoka Ulaya. Akasema tumngoje Daktari Dawudi, bingwa wa moyo, arudi kutoka Jinja mwisho wa wiki. Eti mioyo ya wakimbiaji ina mambo yake. Wivu mtupu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekamilika. Timu ina nafasi moja ya mtaalamu wa afya. Atakayegundua ugonjwa ambao hakuna aliyeugundua, ndiye atakayepanda ndege. Si Teresa.

Nimemwandikia ripoti Kapteni Kamis, msimamizi wa timu. Kwa Kiswahili, maana Kiingereza hakipendi. Milima mirefu maana yake moyo umekuwa mkubwa kupita kiasi. Nikatafuta neno. "Umevimba" niliona ni neno la jipu. Nikachagua la kisomi: "Moyo wa askari jela Odur umefura." Nikagonga mhuri. Nikaisoma kwa sauti, nikajipongeza.

Jumatano, 5 Machi

Kapteni amekuja mwenyewe, na askari wawili. Ripoti yangu mkononi.

Akaniuliza: "Wewe naandika moyo ya Odur nafura. Nafura kwa nani?"

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama mtu anayenihurumia: Odur amemkasirikia nani? Serikali?

Hapo nikaelewa. Nikamwambia afande, kufura ni kuvimba tu. Akajibu kwamba anajua vizuri. Moyo wa mtu huvimba kwa hasira, na askari mwenye hasira moyoni hapandi ndege ya serikali. Odur yuko chini ya ulinzi kambini tangu alfajiri, mpaka ijulikane hasira hiyo inamhusu nani. Kisha akaitazama mashine kwa heshima kubwa na kurudi nyuma hatua mbili. Akauliza kama inasoma ikiwa imezimwa.

Mchana akaja mke wa Odur, anaitwa Alum, na mtoto mgongoni. Hakulia. Aliniuliza tu, "Musawo, mume wangu alikukosea nini?" Nilitaka kumwambia mimi si daktari. Nikajifanya napanga karatasi. Naona aibu hata kuandika haya. Watu wakichukuliwa siku hizi, wengine hawarudi.

Teresa hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alikaa kwenye simu mpaka akampata Daktari huko Jinja.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari Dawudi amerudi. Mzee mdogo wa umbo, mpole, koti limepauka. Akamwomba Kapteni, kwa adabu nyingi, amlete Odur apimwe upya mbele yake. Wakaja.

Akamuuliza Odur kama amewahi kuzimia. Hapana. Kama ana ndugu aliyeanguka akafa ghafla. Hapana. Akamsikiliza kifuani muda mrefu, macho amefumba. Akaitazama picha ya kifua iliyopigwa asubuhi. Kisha akamwambia apande ngazi mpaka ghorofa ya nne na kushuka, mara sita. Askari wawili wakatumwa wamfuate. Wote watatu walirudi dakika nyingi baadaye, mlinzi mmoja ameshikilia ukuta.

Nikambandika Odur pamba. Karatasi ikaanza kutoka. Mapigo mia moja na thelathini, yamepangana sawasawa. Nilingoja lile pigo linalokosekana. Halikukosekana hata moja!

Daktari akaeleza. Moyo mgonjwa ungezidi kuvurugika ukipewa kazi. Huu unalegea kwa sababu hauna kazi; ukiitwa, unaitika. Umekua kwa miaka ya mbio, na pigo lake moja linasukuma damu ambayo moyo wangu ungehitaji mapigo mawili kuisukuma. Aliutaja wangu. Sijui kwa nini aliutaja wangu.

Kapteni akauliza: "Kwa hiyo moyo yake iko kubwa?"

Mkubwa, akasema Daktari.

Kapteni akampiga Odur begani. "Askari ya moyo kubwa! Hapana ogopa kitu. Yeye nakwenda Lagos."

Nilishika zile karatasi mbili, ya Jumatatu na ya leo, moyo mmoja. Machozi yalinitoka. Odur alinipa mkono, akasema asante Musawo. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. Nikatazama sakafu.

Jumamosi, 8 Machi

Nafasi ya mtaalamu wa afya bado iko wazi! Wanamtaja Teresa, lakini kutajwa si kupanda.

Jana Kapteni Kamis alikuja peke yake, akafunga mlango, akataka naye apimwe. Alilala ameukaza uso kama yuko kwa kinyozi. Mapigo sabini na mbili, milima ya kadiri. Moyo mzuri kabisa, haujakua hata kidogo.

Leo nimemwandikia ripoti. Safari hii nimechagua maneno kwa uangalifu mkubwa, neno kufura sijalisogelea. Nimeandika: "Moyo wa Kapteni Kamis ni mdogo. Nimeupima mara tatu na hauna dalili yoyote ya ukubwa." Nikaweka jina langu kamili. Nikapendekeza isomwe mbele ya maofisa wote kwenye gwaride la Jumatatu, wamjue kiongozi wao.

Dereva wake ameichukua saa nne. Sasa napiga pasi mashati ya Lagos.