Boksi la Viatu na Ndevu za Profesa

Profesa alisikia riziki ikimwita kwa sauti ya mwanamke anayefoka.

Sauti ilitoka saluni. Televisheni ya ukutani ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita, na mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine bado imesimama wima, alikuwa amechoka kutazama ukuta.

"Saa tano nzima nimekaa hapa! Kesho nahamia ng'ambo ya barabara. Wenzenu wana tamthilia."

Msusi, mwenye saluni, mama mpole wa maneno machache, alimwomba radhi huku vidole vyake vikiendelea kusuka. Hakuviangalia hata kidogo. Profesa aliliona jambo hilo, ila hakulitilia maanani, na hapo ndipo alipoanza kuponzeka.

Tueleze sisi huyu Profesa ni nani, maana yeye mwenyewe angeeleza uongo. Chuo alichosoma hakijajengwa. Kichwani alikuwa na upara wa kung'aa, lakini kidevuni Mungu alimlipa fidia: ndevu ndefu, nyeusi, alizozichana kila asubuhi. Mtu akizitazama anaamini lolote. Alikuwa akiishi kwa dada yake, ambaye mumewe hupiga picha za harusi, na dada alikwisha kumwambia waziwazi: "Ukigusa tena chombo cha shemeji yako, begi lako utalikuta mlangoni."

Alhamisi, shemeji alipotoka, Profesa aligusa chombo. Ilikuwa projekta ndogo, haizidi mche wa sabuni, inayopokea picha kutoka kwenye simu bila waya. Ilitakiwa Jumamosi harusini. "Kufikia jioni itakuwa imerudi," alijiambia, kwa uaminifu ambao hajawahi kumwonyesha mtu mwingine.

Aliokota maboksi mawili ya viatu nyuma ya duka la viatu. Akayafunika yote kwa karatasi nyeusi, akatoboa tundu mbele, akagandisha lenzi ya kukuzia maandishi. Ndani ya boksi la kwanza akaificha projekta. La pili akaliacha hivyo hivyo. Nalo hufanya kazi, tusilionee: ukiweka simu ndani gizani, picha inatokea ukutani, hafifu kama mvuke, kichwa chini miguu juu.

Mchana akaingia saluni na boksi la kwanza mkononi, la pili likiwa kwenye begi.

"Mama, funga mapazia. Zima taa. Leo nakuletea sinema."

Mapazia yalikuwa mazito, saluni ikawa giza tupu. Profesa akatia simu yake ndani ya boksi, akabonyeza, na ukuta ukajaa watu wenye rangi zao, wakubwa kuliko televisheni yoyote. Wateja wakapiga vigelegele.

"Inatumia umeme?" mmoja akauliza.

"Inatumia akili."

"Mbona inanguruma?"

"Hiyo ni simu inafikiri."

Kisha akatoa vikombe viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa kibomba cha karatasi ya chooni. "Hii ni spika. Simu unaichomeka hapa katikati, sauti inatoka mara mbili. Hii zawadi, mama, sitaki hata asante."

Msusi alilipapasa boksi lote, kona kwa kona. "Na humu ndani kuna nini hasa?"

"Boksi la viatu, lenzi na simu. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Naapa kwa ndevu hizi!"

"Basi nitalinunua. Bahasha yako iko tayari."

Profesa akatoa simu, picha ikazimika. "Ila tusiwashe taa kwanza. Lenzi ikiwa moto ikapigwa na mwanga, inapasuka. Iacheni gizani dakika tano."

Katika giza hilo akafanya alichokuja kufanya. Boksi la mezani likaingia kwenye begi, la begini likakaa mezani. Hata panya asingesikia.

"Begi lako liko njiani, baba," msusi akasema taratibu. "Ngoja nilisogeze, mtu asijikwae." Baada ya kitambo akamkabidhi begi na bahasha nene. Profesa akaibusu bahasha, akaaga, akatoka mbio za heshima.

Nyumbani alijifungia chumbani. Akafungua begi, akafungua boksi. Lenzi ilikuwepo. Projekta haikuwepo.

Jasho likamtoka mpaka utosini, ambako halina pa kujificha. Akachana bahasha. Ndani mlikuwa na kadi kumi za saluni, zimepigwa muhuri vizuri: *Mwenye kadi hii atasukwa bure.*

Akajipapasa upara. Muuza giza alikuwa ameuziwa giza lake mwenyewe, na kweli aliogopa. Hakuogopa shemeji, aliogopa dada. Nje ya nyumba ile hakuwa na pa kulaza ubavu.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni saluni, boksi mkononi. Mapazia yamefungwa, tamthilia imepamba moto ukutani, viti vyote vimejaa na wengine wamesimama.

"Mama, jana kulitokea mchanganyiko mdogo. Boksi ulilonalo si lako."

"Lina tofauti gani na hilo uliloshika?"

Profesa akalisogeza boksi nyuma ya mgongo.

"Uliapa," msusi akaendelea, "boksi, lenzi na simu. Boksi unalo. Lenzi unayo. Simu naiona mfukoni. Umepungukiwa nini?"

Mtu akapunguza sauti ya tamthilia. Hii ilikuwa nzuri zaidi.

Profesa akaliona akilini begi lake mlangoni kwa dada, na juu yake viatu vyake. Akasalimu amri. Akaeleza yote: projekta, shemeji, maboksi mawili, giza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema ukweli mbele ya umati, na alishangaa ulivyokuwa mfupi.

"Lakini ulijuaje, mama? Kulikuwa giza!"

Msusi akacheka mpaka akaweka kitana chini. "Miaka ishirini nasuka. Umeme ukikatika katikati ya kichwa, namaliza na mistari inanyooka. Boksi la kwanza lilikuwa la moto, zito, na gundi imevimba kwenye kona. Uliloniachia lilikuwa baridi na jepesi. Unamtia msusi gizani halafu unategemea asione?"

"Nisamehe. Nirudishie, nakuomba."

"Jina la shemeji yako liko kwenye kibandiko chini ya projekta. Bibi harusi wa kesho namsuka mimi. Nimpigie simu shemeji yako aje kuichukua mwenyewe?"

"Usimpigie!"

"Basi utaichukua wewe. Ila uliapa kwa kitu, na kadi unazo. Kaa kitini, tutumie moja."

"Mama, mimi kichwani sina hata unywele."

"Hilo tunaliona," mteja mmoja akasema.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," msusi akajibu, akimfunga kitambaa shingoni. "Zako zimeteremkia kidevuni."

Alasiri, Profesa alipita mtaani na projekta begini na ndevu zimesukwa mistari tisa, kila mmoja na ushanga mwekundu mwishoni. Alipotembea, shanga zililia. Muuza duka ambaye Profesa alipanga kumuuzia spika za vikombe wiki inayofuata alimtazama mara moja tu, akaingia ndani akafunga kaunta.

Aliirudisha projekta mahali pake dakika chache kabla shemeji hajaingia. Begi lake likabaki chini ya kitanda. Alikuwa akishusha pumzi dada alipotokea mlangoni, akasimama akimkazia macho kidevuni.

"Nani kakusuka hivyo?"

"Msusi wa saluni ile."

"Yule? Yule ni ghali! Umemlipa nini?"

Ndevu zile hazikuwa tena na uwezo wa kubeba uongo. "Nilikuwa na kadi," Profesa akasema.

Dada akanyoosha mkono, kiganja wazi.

"Nyingine ziko wapi?"

Akampa zote tisa.