Neno la Waliopita Kisu Kimoja

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimepata dawa ya Mzee Kipketer! Yeye ndiye babake Jeruto wangu, na mkuu wa wachungaji hapa shambani. Leo nilimpelekea maziwa, nikakuta wazee wamezunguka chungu cha pombe. Mzee Kipkoech akaingia, akamwita Kipketer fisi mlafi. Nilishtuka, nikajua rungu litalia. Wapi! Kipketer alicheka hadi machozi, akampa mrija wake anywe. Na mimi, karani wa maziwa, mtu wa darasa la sita, namwamkia kwa adabu kila siku na hata kigoda sijapewa. Kumbe adabu ndiyo inaniponza! Kosgei wa mkokoteni, ambaye pia anamtaka Jeruto, eti anawapasulia wazee kuni. Mjinga. Mimi natumia mdomo tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwisha. Mama yangu, nimekwisha!
Nilimkuta mzee zizini na wenzake. Nikampiga begani, nikamwita fisi mlafi, nikacheka kwa sauti nene. Nilicheka peke yangu. Mzee alinitazama, akageuka, akaenda zake. Wenzake wakamfuata. Heri wangenichapa. Halafu Kosgei akanipa pole. Pole ya Kosgei, jamani!

Jumatano, 6 Machi
Jeruto alikuja dirishani, akakataa kuingia. Akasema neno lile ni la waliopita kisu kimoja, waliotahiriwa pamoja. Rika la babake wanaweza kuitana hata mizoga, lakini mtoto akilitamka ametukana rika zima. Wanakutana Ijumaa. Babangu asipotoka Keringet kuja kuniombea msamaha, watanilaani. Nikauliza aliyelaaniwa huwaje. Akasema yupo mmoja, alikauka kama kijiti, na hakuna nyumba iliyompa mke. Akaanza kulia. Mimi pia nililia, nikasingizia moshi, ingawa chumba cha maziwa hakina moto. Nimetuma mtu mbio kwa baba.

Alhamisi, 7 Machi
Jino linauma. Laana imeanza! Debe zima la maziwa limechacha. Nikisikia fimbo ikigonga chini nachutama nyuma ya madebe. Leo nilichutama sana, kumbe ni mpishi wa Bwana, Mzungu mwenye shamba, anatafuta krimu. Ee Mungu, mlete baba.

Ijumaa, 8 Machi
Baba amekuja, na kondoo na pombe ya asali. Nilipiga magoti. Baba aliwaambia wazee kwamba si kiburi, ni ujinga tu, nimezaliwa nao. Akatoa mifano. Alikuwa nayo mingi! Kwa ule wa beberu na suruali yangu, Mzee Kipketer mwenyewe akacheka. Wakanipulizia pombe kifuani, wakanibariki. Niko hai!
Na zaidi. Mzee amesema nikipata kibanda cha mke hapa shambani, atazungumza na baba. Nisipopata wiki ijayo, Kosgei tayari anacho. Ila kibanda ni ruhusa ya Bwana, na Bwana ni moto. Juzi alimfukuza mtu na mke na watoto kwa kusahau kufunga lango.

Jumamosi, 9 Machi
Nilienda kwa Bwana, kofia mkononi, jasho mgongoni. Hakunitazama hata. Alikuwa barazani na mgeni, Mzungu wa Molo. Akasema nirudi Jumatatu.
Lakini nilisikia kitu! Yule mgeni alimwita Bwana nguruwe mzee, kwa Kiingereza, usoni kabisa. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Bwana anacheka, anamjazia glasi!
Nimefikiri sana, maana sasa mimi si mtu wa kurukia mambo. Kosa langu lilikuwa moja tu: wazee wetu wana rika na kisu. Wazungu hawana rika, hawana kisu. Kwao neno ni la yeyote anayejua Kiingereza, na hapa shambani anayekijua ni mimi.
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nalitamka safi kabisa. Nimemwambia Jeruto aanze kufunga vitu vyake, Jumatatu asubuhi kibanda ni chetu.