Ng'ombe za Marwa Zilivyoniacha Mbele ya Mgeni

Leo nimeumbuka.

Jamani wenzangu wa Bunda na Butiama, nimeumbuka mchana kweupe, watu wamejaa. Najua habari itawafikia kwa lori la samaki, tena ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo bora niwaandikie mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili, mwandiko mnausamehe.

Ila kabla ya hiyo aibu, mnaukumbuka mwaka wa sabuni? Ule mwaka sabuni ilipotea madukani, tulikuwaga tunafua kwa majani ya mpapai, na jivu, na maombi. Mjomba wangu Wambura, Mungu amrehemu, alipata mche mmoja wa sabuni uliovuka kutoka Kenya kwa njia za panya. Mche mzima! Hakuufulia. Aliuficha kwenye nyasi za paa, na mgeni akija aliushusha, akampa anuse, kisha akaurudisha. Tulinusa weee. Siku moja kapanda juu, hakuna sabuni. Panya kala. Mjomba alilia kuliko alivyomlilia mama mkwe wake (nilikuwepo kwenye misiba yote miwili). Tukawa tunasema panya wa kwa Wambura ndio viumbe safi pekee mkoa mzima wa Mara.

Sabuni imenipeleka mbali. Nilitaka kusema hivi: mche wa kwanza nilioushika bila kujificha nilipewa kanisani. Walileta mradi wa watoto. Wakristo wenzetu wa ng'ambo, kila mmoja anachukua mtoto mmoja wa hapa ambaye kwao pagumu, anamlipia shule na dawa, na kanisa letu hapa Buhare ndilo linapokea na kugawa. Mimi nikampeleka mjukuu wangu Nyangeta. Baba yake, mwanangu Magori, ziwa lilimchukua akivua, na mama yake akaenda kuolewa Tarime. Basi Nyangeta akapata mfadhili, mama mmoja mzee wa huko kwenye baridi, Mama Helga. Wanaandikiana. Nyangeta anamchorea samaki sato, yeye anatuma picha za theluji. (Niliulizaga kama theluji inalika. Hailiki.)

Mwaka huu Nyangeta kafaulu. Kwenye shule yao msichana aliyechaguliwa ni yeye peke yake. Sekondari ya bweni! Lakini bweni linataka ada, sanduku, godoro, shuka mpaka foronya, na mimi nina mtumbwi uliotoboka na shamba la mihogo. Zamani tulikuwa na hela, maduka matupu. Siku hizi kila biashara ni ruksa, maduka pale Mukendo yamefurika, na sasa mifuko ndiyo mitupu. Matumaini yote yalikuwa kwenye mradi. Na juzi Mwinjilisti Elia, anayesimamia mradi hapa kwetu, akaja mbio na baiskeli.

"Mzee Magesa! Mama Helga yuko Musoma. Anakuja kwako kumwona mtoto kabla hajakubali kulipa hiyo sekondari."

"Kwangu hapa?"

"Kwako hapa. Usihangaike na kitu, mzee. Kaa tu kama unavyokaaga."

Kama ninavyokaaga! Sasa nyie mnatujua. Mgeni akifika kwa mtu wa huku haonyeshwi shida. Anaonyeshwa ng'ombe. Hata kama umelala na njaa, mgeni anakalishwa pazuri, anakula samaki mzima, anapelekwa zizini aone mifugo, anaondoka akisema nilifika kwa watu. Baba yangu aliwahi kuazima mbuzi amchinjie karani aliyekuja kumdai kodi! Mimi ni damu yake.

Nikaanza kuazima.

Kwa Seifu, fundi makochi wa Mukendo, nikapata makochi mapya kabisa, mekundu, bado yananuka gundi. Akasema, "Mzee wangu, nakupa, ila yana mwenyewe. Mchana nakuja kuyachukua." Nikasema mgeni anakuja asubuhi, mchana atakuwa keshaondoka. Mama Mchungaji akanipa kitambaa cha meza. Mpwa wangu anayeuza mitumba Iringo akanipa redio kaseti, haina betri, lakini nani atajua? Na jirani yangu Marwa akanipa ng'ombe kundi zima waje kusimama kwangu, pamoja na koti lake la kanisani.

Mke wangu, Mama Magori, ananitazama tu, mikono kiunoni.

"Baba Magori, huyo mgeni anakuja kwa nini?"

"Kumwona Nyangeta."

"Anamsaidia Nyangeta kwa nini?"

"Kwa upendo wa Yesu."

"Na kwa sababu gani nyingine?"

"Mama Magori, umaskini mtu anakaa nao ndani. Hautandikiwi mgeni kama mkeka!"

Akacheka kwa pua. (Mwanamke akicheka kwa pua, wenzangu, simama ufikiri. Mimi sikusimama.)

Basi leo. Asubuhi ikapita, mgeni hayupo. Jua likapanda, mgeni hayupo. Majirani walioazimisha na wasioazimisha, kasoro Marwa, wako uani wanasubiri. Jua lilipopinda kidogo ndipo gari la mradi likaja linarusha vumbi. Kashuka Mama Helga, mwekundu kama makochi yangu, kofia pana, anacheka na kila mtu. Kamkumbatia Nyangeta mpaka kofia ikaanguka. Mimi moyoni: Magesa, leo umeweza.

Mwinjilisti Elia yeye hakucheka. Aliangalia makochi. Aliangalia redio. Aliangalia ng'ombe. Akanisogelea sikioni.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimepokea mgeni."

"Uwiii," akasema, na huyo ni mtumishi wa Mungu.

Tukakaa, makochi nimeyapanga pale uani mbele ya mlango. Mama Helga akazama kwenye kochi. Nyangeta akaja na sinia la soda. Mgeni akauliza kitu, Elia akatafsiri, "Anauliza kama hawa ng'ombe wote ni wa hapa."

Nikasema, "Mwambie ni wa hapa hapa." (Na kweli si wa Butiama.)

Mama Helga akatikisa kichwa taratibu. Akaongea kwa muda, kwa upole sana. Elia akawa anasikiliza huku uso unamporomoka. Kisha akasema, "Anasema anamshukuru Mungu. Siku zote alidhani nyumba hii ina shida, kumbe imejaliwa. Anasema kwao hata yeye hana makochi kama haya. Sasa anauliza, kwa upendo tu, je, ile nafasi ya sekondari si apewe mtoto mwingine ambaye kwao hamna kitu?"

Nyangeta akabaki kasimama na sinia lake. Nilitazama soda, sikuthubutu kumtazama uso.

Wenzangu, ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Ukagoma kutoka. Uani wamejaa watu, na mimi nimevaa koti! Nikajiambia, subiri kidogo, Magesa, utapata namna.

Namna ikaja yenyewe. Toka ng'ambo ya kilima nikasikia mluzi. Marwa! Marwa ni mtu wa ng'ombe, na muda wa maji ukifika anapigaga mluzi wake, hajali kama kuna mgeni au kuna vita. Ng'ombe zote zikainua vichwa. Kundi zima likageuka. Likapita mbele yetu, hapa, kati ya meza na mlango, kama wanafunzi wametoka darasani. Dume jekundu likaondoka na kitambaa cha Mama Mchungaji kwenye pembe.

"Anauliza ng'ombe wako wanakwenda wapi."

"Kunywa maji."

"Anauliza, peke yao?"

"Zimezoea."

Elia alitafsiri akiangalia mbinguni. Nadhani alikuwa anaomba radhi kwa kila neno.

Nikasema, sasa niseme. Nikafungua mdomo. Na hapo hapo mkokoteni ukaingia uani, Seifu na vijana wake wa kubeba, jasho linawatoka.

"Shikamoo Mzee Magesa! Hodi wenye nyumba! Mama mgeni, karibu Musoma. Samahani kidogo, inuka."

"Seifu, baadaye!"

"Mzee wangu, baadaye ipi? Harusi ni leo Iringo, bibi harusi akalie nini, ndoo?"

Na vijana wakashika kochi, Mama Helga akiwa juu yake! Yule mama hakuinuka. Alishikilia mkono wa kochi kwa mikono miwili, akapiga ukelele, akavua kofia, akaanza kumchapa nayo Seifu kichwani.

"Anasemaje?" watu wakauliza.

Elia, maskini, kazi yake ni kutafsiri. Akatafsiri kwa sauti, "Anasema wezi! Anasema mzee anaibiwa, mkimbilie polisi!"

Sasa nyie mnajua neno "wezi" likisikika barabarani inakuwaje. Vijana waliokuwa wanapita na nyavu zao wakazitupa chini wakaingia uani na fimbo. Seifu kageuka rangi ya majivu.

"Mimi mwizi? Mimi nimetoka kuswali sasa hivi! Mzee Magesa, sema basi! Sema, baba, nitauawa kwa kochi la watu!"

Nikamtazama Seifu. Nikamtazama Nyangeta, bado kashika sinia, machozi yanamshuka na hafuti. Basi nikasimama katikati. Maneno bado yalikuwa yamegoma, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nikavua koti. Nikageuka, nikawapa wote mgongo.

Lazima niwaeleze. Shati langu la mistari, mnalijua, lile moja, kwa mbele ni shati zuri, kola ipo, vifungo vipo. Kwa nyuma halipo. Mama Magori alikata mgongo wote jana akamshonea Nyangeta foronya ya bweni. Alisema koti la Marwa litafunika. Ndiyo maana jua lote lile sikulivua koti!

Kisha upepo wa ziwa ukapita mgongoni kwangu, na mtu mmoja akacheka, na ua mzima ukalipuka. Vijana wenye fimbo walikaa chini. Seifu, ambaye dakika ile ile alikuwa marehemu, alicheka akishikilia mkokoteni.

"Mzee, si ungeniambia! Ningekuwekea mgongo wa kochi!"

Nikasema bila kugeuka, "Elia, mwambie. Makochi ya Seifu. Redio ya mpwa wangu, na haina betri. Ng'ombe za Marwa. Koti la Marwa. Cha kwangu hapa ni huyu mtoto na huu mgongo."

Mama Magori akatoka ndani, akamwekea mgeni foronya magotini. Mistari ile ile. Mama Helga akaitazama, akanitazama mgongo, akaitazama tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia. Wapi! Alikuwa anacheka, anacheka mpaka anajipiga mapaja, na alipopata pumzi akaongea, Elia naye akacheka kabla hajatafsiri.

"Anasema alipokuwa mdogo kwao kulikuwa kumepita vita, hawana kitu, na watu wa kanisa wa nchi nyingine ndio waliowaletea nguo na maziwa. Siku wale wafadhili walipokuja kuwatembelea, mama yake aliazima kinanda kwa jirani kikubwa kama nyumba. Nyumbani kwao hakuna aliyejua kukipiga. Na mgeni wa kwanza kuingia akasema, tafadhali tupigieni wimbo."

"Mama yake akafanyaje?" Mama Magori akauliza.

"Anasema alizimia. Kwa makusudi."

Watu wakacheka upya, na mimi nikajiuliza kwa nini mimi sikuzimia. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa pale ng'ombe zilipoondoka!

Halafu yule mama akainuka mwenyewe kwenye kochi, akalipiga piga vumbi, akamwonyesha Seifu kwa mkono: chukua. Na kofia akamvalisha Seifu kichwani, ya kuomba msamaha. Kisha akamshika Nyangeta mabega, akasema maneno machache, na safari hii Elia alitafsiri bila hata kufikiri.

"Anasema utasoma. Nafasi ni yako mpaka utakapomaliza. Na anasema hiyo foronya usiibadilishe."

Nyangeta aliweka sinia chini. Alimwinamia mgeni kwa heshima, akapangusa uso kwa kiganja. Nilidhani atasema asante kwa Kiingereza cha shule. Akanigeukia mimi.

"Babu, vaa koti."

Nikalitafuta koti. Halipo! Marwa alikuwa keshafika kurudisha kitambaa cha Mama Mchungaji, kalikuta koti lake chini, kalivaa, na anashangilia kuliko wote.

Ndipo Mwinjilisti Elia akasema tuombe, tufumbe macho, tumshukuru Mungu kwa siku hii. Wote wakafumba. Mimi sikufumba. Nilipita nyuma ya choo, nikashika njia ya kwenda Mukendo, mgongo wazi, bila kuaga, na sijarudi. Mama Magori akiwauliza niko wapi, hamjui. Na atakayecheka, mgeni wake yuko njiani.