Kuku wa Babu na Diski Ngumu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Alhamdulillah, nina mpango. Bibi anataka kumpa mtu chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara hapa mtaani Rohero. Nakitaka kiwe karakana yangu. Tajudini, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, anakitaka pia, na huyo humbebea Bibi kikapu cha sokoni. Mnafiki. Lakini mjukuu ni mimi, Nawaf, na nimeikumbuka kompyuta ya marehemu Babu. Ipo sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, ya zama zile za kusoma kaseti. Babu aliitungia mchezo mmoja tu, kuku anayedonoa mtama, na kuufungua kulichukua nusu saa nzima. Nitaiundia kadi ya kuiunganisha na diski ngumu. Kuku atatokea papo hapo. Bibi atalia kwa furaha, ufunguo nitapewa mimi.

Jumanne, 6 Mei
Kadi imeungua. Niligeuza waya, moshi ukajaa sebuleni. Bibi akauliza toka jikoni ni nini hicho. Nikasema ubani. Akataka kujua tangu lini ubani unanuka kandambili. Ikabidi nichome ubani wake mzuri, ule wa Maskati, nusu kopo, ili uongo usimame. Namshukuru Mungu nyumba ipo, kompyuta ipo, na nyusi zangu zipo karibu zote.

Alhamisi, 8 Mei
Chuma changu cha kulehemu ni kinene, kinafaa masufuria. Bibi akiwa Gihosha kwa shangazi Dalia, nilikwenda kwa Tajudini kuazima chake chembamba. Nikasema ni cha redio. Akaja nacho mwenyewe, akaona kila kitu, hakuuliza, akaketi akaiunga kadi mpya waya kwa waya. Diski ikaunguruma. Tukamtoa kuku kwenye kaseti, akaingia kwenye diski. Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikamwomba asimwambie Bibi kwamba alifika hapa. Akasema apana, hana shida, hatasema. Mtu mwema namna hii anatisha.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya swala nilimwita Bibi. Nikabonyeza. Kuku akatokea kabla Bibi hajaketi. Nikapiga makofi, peke yangu.

Bibi akauliza kama ndiyo tayari. Nikasema tayari. Akauliza sasa kahawa atainywa saa ngapi. Sikuelewa. Akanieleza kwamba Babu alikuwa mtu wa duka kutwa, wa msikiti, wa wageni. Ila akishaweka kaseti hakuwa na pa kwenda. Mashine ilipiga kelele zake, yeye Bibi alitia kahawa kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, wakakaa wawili wakizungumza mpaka kuku atoke. Huyo kuku mwenyewe, Bibi hakumpenda hata siku moja. Kisha akaifunika kompyuta, akaingia ndani.

Chumba kimekwenda. Na nilimuumiza, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 11 Mei
Nilikwenda kwa Tajudini kulalamika. Akaja nami nyumbani, akachukua kinasa sauti cha Babu, kile kinachoisomea kompyuta kaseti, akakisafisha, akakirudisha, akaweka kaseti. Mashine ikaanza kulia. Bibi akatoka chumbani, akaisikiliza, kisha akaenda kuwasha mkaa.

Tulikunywa kahawa ya tangawizi. Bibi alisimulia jinsi Babu alivyokuja kumposa akasahau jina la binti anayemposa, akabaki anamsifia baba mtu mlango wa nyumba. Nimecheka hadi kahawa ikamwagika. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia. Mwishowe mashine ikakataa, kuku hakutoka. Nikataka kuomba radhi. Bibi akasema kwa furaha kubwa turudishe kaseti mwanzo, na akaongeza maji kwenye birika.

Chumba katupa sote wawili, sharti kila Jumapili tuweke kaseti. Nimejaa shukrani. Sistahili bibi huyu. Hata Tajudini, basi, simstahili.

Jumatatu, 12 Mei
Sikulala kwa furaha, nikawaza. Jana Bibi aliinama akapepea mkaa mpaka jasho likamtoka. Mbabula ile inachelewa mno. Nimeanza kuunda kichemshio cha umeme kwa mabaki ya kadi iliyoungua. Kahawa itakuwa tayari kabla hajaketi. Nimemwambia Tajudini iwe siri. Akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa.

Wivu tu. Bibi atafurahi sana, hatasubiri tena.